Masisi yote ile ni majani, mbona hatufugi farasi?

Kijana wa Keshero (#1)
Wakubwa, salamu. Juzi umeme ulirudi usiku wa manane, usingizi ukakataa, nikatazama kwenye simu mnada wa farasi wa Keeneland, pale Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Mtoto wa farasi wa mwaka mmoja, hajawahi kubeba mtu mgongoni, anazungushwa jukwaani dakika mbili tatu, nyundo inagongwa, dola laki kadhaa. Hajakimbia hata mita mia!

Nikafuatilia. Kumbe eneo zima lile linakula kwa farasi: kuna wakata majani makavu, wapigilia vyuma vya kwato, waganga wa mifugo, madereva, wapaka rangi uzio, watu wa bima na wa hoteli. Nikaangalia picha za mashamba yao nikasema, hii si Masisi yetu, hapa karibu na Goma, mashariki mwa Kongo? Vilima vya kijani, mvua, ubaridi. Ng'ombe wa maziwa wa Ulaya walikuja wakakubali. Jibini tunatengeneza. Farasi je? Ni ugonjwa, ni pesa, au ni sisi wenyewe?

Mtoto wa Birere (#2)
Farasi tuko nayo. Ni sanamu, inasimama pale rond-point, rangi ya dhahabu, haikuli majani, haiombi veto, muganga wa mifugo. Jina yake chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma na mizigo. Uzi umekwisha, tulale.

Veto wa Sake (#3)
@Kijana, swali zuri. Jibu fupi ni ugonjwa, ila si ule ambao watu huutaja. Wengi watakuambia mbung'o na malale. Ni kweli mbung'o huua farasi kuliko anavyoua ng'ombe, lakini kule juu Masisi baridi humfukuza. Kinachomaliza farasi Afrika ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, vile vidudu vinavyouma jioni na alfajiri. Farasi mgeni akiupata kwa sura yake kali, anaweza kufa ndani ya siku chache, povu jeupe likimtoka puani. Kwa farasi ambao hawajawahi kuuona, wanaweza kufa 9 kati ya 10. Punda huvumilia, pundamilia hata hajali.

Kule Afrika Kusini, mwaka 1854 na 1855, uliua karibu farasi 70,000 katika eneo la Cape. Chanjo ipo, inatengenezwa Onderstepoort karibu na Pretoria, na inahitaji baridi tangu kiwandani hadi kwenye sindano. Sasa niambie friji ya Goma inayokaa na umeme wiki nzima.

Kijana wa Keshero (#4)
Asante Veto. Lakini Ethiopia wana farasi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na wao wako Afrika hiihii. Lesotho pia wana aina yao ya farasi, wanapanda milima nao hadi leo. Visubi vya huko vimefunga?

Veto wa Sake (#5)
Lesotho theluji inaanguka, kisubi kinakufa. Ethiopia farasi wao wamezoeana na maradhi kwa mamia ya miaka, wadhaifu walishakufa zamani. Wewe unataka kuleta mnyama wa Kentucky ambaye babu yake hajawahi kuumwa na chochote.

Mama Jibini (#6)
Mimi nachuuza jibini ya Masisi, miaka kumi na minne sasa, kwa hiyo niseme la soko. Ng'ombe ana njia nyingi za kukulipa: maziwa, jibini, ndama, nyama, mahari, samadi ya kabichi. Akizeeka bado ana bei. Farasi akizeeka hapa Goma utamfanya nini? Hakuna anayekula. Hakuna anayeoa kwa farasi, mkwe atafikiri unamtukana. Mnazungumza visubi, mimi nauliza mnunuzi wa kwanza ni nani.

Mtoto wa Birere (#7)
Mama amemaliza. Mi nafikiria mkwe wangu wa Rutshuru namupelekea farasi mbili ku mahari. Atanirudisha na bibi na farasi pamoja.

Mgoma wa Lexington (#8)
Habari za nyumbani. Nimezaliwa Majengo, sasa miaka saba niko Lexington, na huku Wakongo tuko wengi, Kiswahili utakisikia hadi sokoni. Ninafanya kazi shamba moja la farasi, silitaji. Kwa hiyo naomba nisahihishe picha kidogo.

@Mama Jibini ameuliza mnunuzi. Huku biashara kubwa si kumuuza farasi tu, ni kuuza mbegu ya dume. Farasi hawa wa mbio, Thoroughbred, sheria yao inakataza kupandisha kwa sindano. Lazima jike apakiwe kwenye gari, aletwe mpaka kwa dume, ashikwe na watu wanne watano, mambo yafanyike mbele ya mashahidi. Dume maarufu kama Into Mischief ada yake imefika dola 250,000 kwa jike mmoja, na kawaida unalipa mtoto akizaliwa hai, akasimama, akanyonya.

Sindano ikiruhusiwa, dume mmoja atazalisha dunia nzima na bei itaanguka. Kwa hiyo hiyo sheria yenyewe ndiyo inayolisha mji: gari la kumbeba jike, dereva, kibanda cha kulala, mimi wa kumshika kichwa. Jike hubeba mimba miezi kumi na moja, na farasi wote wa mbio wa nusu ya kaskazini ya dunia huhesabiwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa Desemba anaonekana ana mwaka mzima akiwa na wiki tatu, amekwisha huyo. Ndiyo maana kila mtu anataka mtoto wa Januari au Februari, na sisi tunakesha kwenye baridi inayopasua masikio.

Motari Bila Kofia (#9)
Ngoja. 250,000 mara majike 150 ni dola 37,500,000. Kwa mwaka. Kwa kazi ILE. Na mimi kutwa nazunguka Ndosho hadi Kituku na vumbi la lava puani.

Mgoma wa Lexington (#10)
@Motari, wengine wanafika majike 200 na zaidi. Nawe usiwaonee wivu, mimi nimepigwa teke moja la paja nikalala wiki mbili, na mwenye shamba alinikata siku hizo kwenye mshahara. Pesa ile haishuki hadi chini kama mnavyofikiri. Wanaokesha ni sisi na watu wa Mexiko na Guatemala.

Profesa wa Himbi (#11)
Wote mmesahau udongo. Chini ya Lexington kuna mwamba wa chokaa wenye kalisi na fosforasi, majani yanachukua, mifupa ya farasi inakomaa. Hiyo ndiyo siri ya Kentucky, mengine hadithi. Sisi tumekalia lava. Farasi atakanyaga mawe ya Nyiragongo siku mbili, kwato kwisha.

Veto wa Sake (#12)
Profesa, kwa heshima, lava iko Goma na Nyiragongo. Masisi ya juu ina udongo mzuri mweusi, wenye viazi wanaujua. Tatizo liko kwenye majani yenyewe. Malisho mengi ya Masisi ni majani ya kikuyu. Ng'ombe anayapenda, tumbo lake linayamudu. Kwa farasi yale majani yana asidi ya oksaliki inayofunga kalisi asiipate. Akila hayo peke yake miezi mingi, mwili unanyonya kalisi ya mifupa yake mwenyewe, taya na pua zinavimba, kichwa kinakuwa kikubwa kama ndoo. Yaani @Kijana, ile kijani uliyoiona kwenye picha, kwa farasi inaweza kuwa sumu ya polepole. Dawa yake ni kumpa chokaa na fosforasi kwenye chakula au kupanda majani mengine. Inawezekana, ila ni gharama.

Kijana wa Keshero (#13)
Hii ya majani ya kikuyu sikuijua kabisa. Nimenyamaza.

Mzee wa Katindo (#14)
Vijana, hamjui kuwa nchi hii ilishajaribu kuzunguka tatizo hilo kwa ndovu. Mwaka 1879 mfalme Leopold II wa Ubelgiji alileta ndovu wanne kutoka India, wakashushwa Msasani karibu na Dar es Salaam, watembee na mizigo kuja upande wetu, kwa kuwa farasi na ng'ombe wa kukokota walikuwa wakifa njiani. Ndovu nao wakafa wote kwa mbung'o. Baadaye wakaanza kufundisha ndovu wetu wenyewe kule Uele, kaskazini mwa nchi, pale Api, halafu Gangala-na-Bodio jirani na mbuga ya Garamba. Walilima, walivuta magari. Watu walikuwa wakipanda ndovu Kongo kabla babako hajaona baiskeli.

Mwalimu Fupi (#15)
Mzee shikamoo. Sahihisho dogo: wale wanne hawakufa kwa mbung'o. Waliotembea nao waliona wameumwa na mbung'o na bado wanaendelea, wakafurahi. Walichokufa nacho ni mizigo mizito na chakula duni.

Mzee wa Katindo (#16)
Marahaba. Aliyenifundisha alisema mbung'o, na alikuwa mwalimu mrefu kuliko wewe.

Mtoto wa Birere (#17)
😂😂 Mzee usituachie.

Mwalimu Fupi (#18)
Nirudi kwenye uchumi. Mnatajiwa walioshinda tu. Mwaka 2006 mtoto wa farasi aliyeitwa The Green Monkey aliuzwa dola milioni 16 huko Florida. Alikimbia mara tatu, hakushinda hata moja, jumla ya alichoingiza ni kama dola elfu kumi. Kwa upande mwingine Seattle Slew alinunuliwa dola 17,500 mnadani mwaka 1975, na 1977 akatwaa mataji matatu makubwa ya Marekani. Hii ni bahati nasibu iliyovaa suti.

Na inapungua. Mwaka 1986 Marekani ya Kaskazini waliandikisha watoto wa Thoroughbred zaidi ya 51,000. Siku hizi hawafiki 20,000 kwa mwaka. Sasa sisi ndio tuingie wakati wenyewe wanatoka?

Mgoma wa Lexington (#19)
Mwalimu uko sahihi kwa idadi, lakini watoto wamepungua bila bei za juu kushuka. Walioondoka ni wafugaji wadogo. Wakubwa wameongezeka unene.

Na ngoja niwape moja ambayo wazee wa huku bado wanaisimulia kwa sauti ya chini. Mwaka 2001, masika, majike yalianza kutupa mimba, shamba baada ya shamba. Watu walishuku maji, kuvu, hata sumu ya adui. Ikaja kuonekana ni viwavi. Mwaka ule viwavi vya miti ya cheri vilijaa kupita kiasi, vikatambaa hadi kwenye majani, majike wakala navyo. Maelfu ya watoto walipotea kati ya 2001 na 2002. Mashamba mengi yakaikata miti ile yote.

Mama Jibini (#20)
Huo ni mnyauko wa migomba kabisa! Nyumbani kwetu upande wa Minova tulikuwa na migomba mpaka kwenye mlango. Ulipoingia mnyauko tulikata yote na panga likawa linaoshwa kwa moto. Mwaka ule ndio nilianza jibini, kwa sababu ndizi za pombe hazikuwepo. Poleni huko.

Mkimbizi wa Mbio (#21)
Kuna jambo la Kentucky halisemwi. Kentucky Derby ya kwanza, zile mbio maarufu za huko, 1875, mshindi alikuwa farasi Aristides na mpandaji wake Oliver Lewis, mtu mweusi. Kati ya wapandaji 15 wa siku ile, 13 walikuwa weusi. Isaac Murphy naye alishinda mara tatu, 1884, 1890 na 1891. Baadaye walisukumwa nje mpaka ukaona kama hawajawahi kuwepo. Kwa hiyo mtu asije akasema hapa farasi ni mambo ya wazungu.

Mzee wa Katindo (#22)
Hili nimelipenda. Nitamwambia mjukuu wangu, maana yeye anajua Messi tu.

Motari Bila Kofia (#23)
Mie nimekaa Dakar miaka miwili. Kule farasi ni kazi ya kawaida kabisa, gari la kukokotwa linabeba saruji, mchanga, mama na mizigo ya soko. Hana kitabu cha ukoo wala ada ya dume. Na jioni hao hao wenye farasi wanacheza kamari ya mbio za Ufaransa! Senegali, Mali, Burkina, watu wamejipanga kwenye vibanda kuangalia farasi wa Paris ambao hawatawaona maisha yao yote. Ndugu zangu, hata sisi tunaweza kula pesa ya farasi bila kufuga.

Mama Jibini (#24)
Kula au kuliwa?

Motari Bila Kofia (#25)
Mama, usiniulize hivyo mbele za watu.

Shamba la Ngungu (#26)
Nimesoma wote, kila mtu anakwepa. Kitabu cha ukoo, Motari amekitaja kwa dharau, lakini ndicho kila kitu. Farasi wa mbio wote duniani, upande wa madume, wanarudi kwa madume watatu walioletwa Uingereza kutoka Mashariki, na tangu 1791 kuna kitabu kinachoandika nani mtoto wa nani. Siku hizi wanapima na vinasaba, DNA. Mnunuzi analipa laki tano kwa sababu anaamini ile karatasi.

Sisi? Shamba la baba lilikuwa la mzungu mmoja, ikaja 1973 na Zairianisation, amri ya kuwanyang'anya wageni mali zao, akapewa mkubwa fulani, mkubwa akauza nusu kwa mdomo, vita ikaja, kila mmoja ana karatasi yake na mihuri tofauti. Ng'ombe wetu 23 waliondoka usiku mmoja na watu wenye bunduki, mpaka leo sijui wa kundi gani. Nikamwona mmoja wa ng'ombe wetu baada ya miezi kwenye soko la mifugo, nikamjua kwa pembe. Nikasema huyu ni wetu. Muuzaji akaniuliza, "Una karatasi?" Nilikuwa sina. Nikaondoka. Sasa niambieni habari ya visubi.

Veto wa Sake (#27)
Pole sana ndugu. Sikubishi. Ila hata Wabelgiji waliokuwa na karatasi zote na askari, walikaa na ng'ombe. Wangekuwa wameona farasi wanaishi, wangeleta. Kwa hiyo karatasi haielezi yote.

Shamba la Ngungu (#28)
Na Kenya wanafugaje? Mbio za Ngong pale Nairobi zinakimbizwa hadi leo, visubi vipo na mwinuko ni kama wetu. Tofauti ni karatasi, na mtu kulala usingizi.

Profesa wa Himbi (#29)
Tofauti ni walowezi waliobaki na pesa zao. Tena na udongo, mtanikubali siku moja.

Mpita Njia wa Mugunga (#30)
Tatizo letu wote tunalijua ni hawa waliochukua mji na wale walioukimbia, maana tangu Januari 2025 benki zenyewe

Msimamizi (#31)
Nimekata post #30 nusu. Siasa ina jukwaa lake. Hapa ni mifugo.

Mtoto wa Birere (#32)
Msimamizi unachunga kuliko Masisi yote.

Kijana wa Keshero (#33)
Na punda? Veto amesema punda anavumilia. Barabara ya Kibumba kuteremka na mboga, punda si angesaidia?

Mtoto wa Birere (#34)
Hapana, hapo sikubali. Kutoka Kibumba ni mteremko, chukudu inashuka na mizigo kilo mia tatu, mia nne, mtu amepiga goti juu yake, bila mafuta, bila majani. Kaka yangu amejenga nyumba tatu ya mbao na pesa ya chukudu. Punda inakula hata siku ya Jumapili. Chukudu Jumapili inalala.

Mwalimu Fupi (#35)
Na kupanda kurudi?

Mtoto wa Birere (#36)
Kupanda unashika nyuma ya lori, mwalimu. Ama unasukuma. Ni mazoezi.

Veto wa Sake (#37)
Punda ana mashaka mengine, ngozi. Wachina huchemsha ngozi yake kupata dawa iitwayo ejiao, ikafika Afrika punda wanaibwa na kuchunwa usiku. Kenya ilifunga machinjio ya punda mwaka 2020, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakataza biashara hiyo. Katazo la karatasi tena, @Shamba la Ngungu atacheka.

Mgoma wa Lexington (#38)
Huku saa nane usiku, kwenu saa tatu asubuhi. Niko zizini. Jike ametoa nta kwenye chuchu tangu jana, dalili ya kuzaa, leo anazunguka na kuangalia ubavu. Nikikawia msinitukane.

Mkimbizi wa Mbio (#39)
Wakati tunamsubiri: Wajapani. Sunday Silence alishinda Kentucky Derby 1989, lakini wafugaji wa Kentucky walimdharau, ukoo wa mama yake haukuwapendeza, na miguu yake ilikuwa imepinda. Mjapani Yoshida akamnunua, akampeleka Hokkaido. Yule mnyama akajenga ufugaji wa Japani karibu peke yake, watoto wake wakatawala mbio za huko miaka na miaka. Kwa hiyo karatasi nayo hudanganya. Watu wa Hokkaido walikuwa na baridi, majani, na mtu mmoja aliyethubutu.

Shamba la Ngungu (#40)
Alithubutu na benki nyuma yake.

Profesa wa Himbi (#41)
Hokkaido pia kuna volkano nyingi, sasa nimeanza kujitilia shaka kuhusu lava.

Mzee wa Katindo (#42)
Andikeni tarehe ya leo. Profesa amejitilia shaka.

Mgoma wa Lexington (#43)
Amezaa. Dume, wa kahawia, kipaji cheupe. Alijaribu kusimama mara nne akaanguka kama mlevi wa kasiksi, ya tano akasimama na sasa ananyonya. Yaani hapo mwenye dume huko shamba la pili ameshapata pesa yake, na mimi napata chai.

Mama Jibini (#44)
Hongera mkunga! Mama yake mzima?

Mgoma wa Lexington (#45)
Mzima, kondo limetoka lote. Jina la kwenye kitabu litachaguliwa na tajiri, lisizidi herufi 18. La zizini nachagua mimi.

Motari Bila Kofia (#46)
Mwite Motari.

Mtoto wa Birere (#47)
Ni Chukudu. Hakuna mjadala.

Mwalimu Fupi (#48)
Mwite Oliver, kwa ajili ya #21.

Kijana wa Keshero (#49)
Wakubwa nimeshukuru. Nimeandika: visubi, majani ya kikuyu, mnunuzi, karatasi. Veto, nikikuletea majani ya kwa shangazi yangu upande wa Kitchanga, unaweza kuniambia kama ni kikuyu au ni mengine?

Veto wa Sake (#50)
Leta na mizizi yake, usikate juu tu. Na usinunue farasi kabla sijayaona.

Mtoto wa Birere (#51)
Kabla munafunga: nani anajua mutu anauza magurudumu ya chukudu pale Ndosho, yenye mpira mupya? Ya kaka imepasuka leo, na kesho kuna kabichi.